Simiti Haishiki Sabato

Kiti tulichombebea mume wangu kilikuwa kile cha sebuleni, chenye mikono ya mbao. Walter, mdogo wake, alikifunga miti ya mkaratusi, mmoja huku na mmoja huku, na kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri wanaume wanne walikiinua mabegani wakateremka nacho kilima chote hadi kwenye lami, ambako gari la kwenda Kisii lilikuwa likitungoja. Osoro aliketi juu yake amefunikwa blanketi kama bwana harusi mgonjwa, akiwatania wabebaji: "Polepole, jamani. Mfalme hajanywa chai."

Figo zake zilikuwa zimekufa. Damu yake husafishwa kwa mashine katika hospitali kuu mjini, na siku isiposafishwa maji hujaa mwilini, miguu huvimba na kifua hubana. Udongo wetu nao haumwonei mgonjwa huruma. Wakati wa kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha ni sabuni. Pikipiki hazipandi, na wenye magari hawajaribu. Mwezi wa nne wabebaji waliteleza kwenye kona iliyo chini ya lango la Mzee Ondieki, mzee wa kanisa letu. Kiti kilipinduka na Osoro akauangukia mkono wake wa mashine, ule wenye mshipa ambao madaktari waliutengeneza kwa ajili ya sindano. Siku hiyo hatukufika hospitalini. Nilimfuta matope usoni nikiomba, na katikati ya maombi nikagundua kwamba nimekunja ngumi.

Kwa hiyo mradi wa barabara ulipokuja, niliupokea kama jibu la maombi. Haukuwa mradi wa lami. Tuliambiwa tutautumia udongo wetu wenyewe, tuutie dawa uwe mgumu. Wenye mradi wangeleta dawa, injinia na mashine ya kushindilia. Sisi tungetoa mikono. Kila nyumba iliyo kandokando ya njia ilitoa mtu, na nyumba yetu ilinitoa mimi.

Injinia alikuwa msichana wa Nyansiongo anayeitwa Roselyne. Siku ya kwanza alitukusanya katika darasa la shule ya msingi, lile lile ambamo sisi watu wazima husoma jioni, akaweka makopo mawili ya udongo mezani. Kopo la kwanza lilikuwa na udongo wa bondeni, mweusi na wa kunata. Huo, alisema, dawa yake ni chokaa. Unachanganya, unafunika, unauacha siku moja au mbili. Ukirudi unaukuta umelegea na kuvunjikavunjika kama unga, ndipo unaushindilia. Kopo la pili lilikuwa na changarawe nyekundu ya huku kwetu juu. Dawa yake ni simiti.

"Chokaa ina subira," alisema. "Simiti haina. Ukishaitia maji, una saa mbili tu. Zikipita, unashindilia maiti."

Watu walicheka.

"Na Ijumaa hakuna kufungua mfuko wa simiti. Nawajua nyinyi na jua lenu."

Hapo Waadventista ndio tuliocheka zaidi, kwa sababu ni kweli. Ijumaa jua likizama Sabato inaingia, na jembe linabaki pale lilipo. Mzee Ondieki alicheka hadi akatoa leso. Aliketi mbele, katika kiti cha mwenyekiti wa kamati ya barabara, na aliyasikia maneno hayo kama mimi nilivyoyasikia. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniambia kwamba Mzee hakujua.

Tulianza na bondeni. Tulichanganya udongo na chokaa siku ya Ijumaa, tukaufunika kwa majani ya migomba, tukaenda kuilinda Sabato. Jumapili tulipofunua, udongo ulikuwa mtiifu. Ulikuwa haunati tena kwenye majembe. Sisi wanawake hatukushangaa sana, maana hata udongo wa kukandikia nyumba hukanyagwa kwa miguu ukaachwa ulale, na kesho yake hushika ukuta vizuri zaidi. Lakini Mzee Ondieki aliona muujiza. Sabato iliyofuata alipanda mimbarini.

"Ndugu zangu," alisema, "tuliuacha udongo ukapumzika siku ya Bwana, na Bwana akaulainisha. Hata udongo umeshika Sabato! Wewe je?"

Tulisema amina. Mimi pia nilisema amina, na machozi yalinitoka.

Ondieki ni mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Tangu baba mkwe alipofariki, yeye ndiye ninayemwita Tata, yaani baba, na yeye huniita Mama Sheila, kwa jina la binti yetu. Kati yangu na yeye kuna chinsoni, mipaka ya heshima ya Wagusii kati ya baba mkwe na mke wa mwana. Siketi alipoketi. Yeye haingii chumba ninacholala. Simkatizi, simwinulii sauti, na nikiwa na neno gumu hulipitisha kwa mtu mwingine hata kama Tata amesimama pale pale akisikia. Mipaka hii imeilinda nyumba yetu miaka mingi, na sijawahi kuichukia isipokuwa Ijumaa ile.

Ijumaa ile Injinia Roselyne alikuwa Kenyenya, ambako alikuwa akianzisha barabara nyingine. Mifuko ya simiti ya kilima chetu ilikuwa ghalani kwa Mzee Ondieki. Ilikuwa inatosha kilima hicho tu, kutoka bondeni hadi langoni kwetu, bila ziada. Adhuhuri Mzee alituita.

"Jumapili Mheshimiwa anakuja kuona kazi," alisema. "Atakuta nini? Vichaka? Leo tunachanganya kilima chote."

Nilimsogelea Nyanchoka. Nyanchoka ni mjane wa binamu yake Ondieki. Ni Mkatoliki, mikono yake ni migumu kama miti, na kimila anaruhusiwa kumtania Ondieki anavyotaka.

"Mwulizie Tata, mashine ya kushindilia itakuwepo?"

"Ondieki!" Nyanchoka alipaza sauti ingawa alikuwa karibu naye. "Mke wa mwanao anauliza, mashine itakuwepo?"

"Mwambie Yakub atakuja."

"Na injinia alisema nini kuhusu Ijumaa?"

"Injinia ni mtoto mzuri," alisema Mzee. "Mwambie ashike jembe."

Yakub ni kijana wa mjini Kisii, Mwislamu, ndiye dereva wa mashine, na funguo hukaa mfukoni mwake. Ijumaa huenda msikitini kwanza kisha hurudi kwetu alasiri. Nilipiga hesabu yangu: tukimaliza kuchanganya jua likiwa bado juu, Yakub akija, tutashindilia na kwenda kuoga kabla ya Sabato. Basi nilishika jembe. Tulitandaza simiti, tukaichanganya na changarawe ikiwa kavu hadi rangi ikawa moja, tukatia maji kwa keni za kumwagilia mboga. Nilifanya kazi kama mtu anayemchimbia mumewe kisima jangwani. Kila nilipoinua kichwa nililiona lango letu kule juu, na nikaliona gari, gari lolote, likisimama mbele yake mvua ikinyesha.

Tulimaliza saa kumi na moja hivi. Yakub alifika wakati uo huo kwa pikipiki, akatoa funguo, akaelekea bondeni ilipokuwa mashine.

"Yakub," aliita Mzee Ondieki. "Acha. Utakuja Jumapili."

Yakub alicheka akidhani ni utani. "Mzee, hii imeshalowa."

"Imelowa, ndiyo. Sasa ilale. Mwenyewe uliona ile ya bondeni."

"Ile ilikuwa chokaa, Mzee."

"Udongo ni udongo. Wewe kijana ulizaliwa mjini, hujakandika hata banda la kuku." Kisha akatugeukia sisi. "Haya, jamani, majembe nyumbani. Watu waoge, wapike. Sabato hailindwi kwa kukimbizana."

Ndipo nilipoelewa. Tangu adhuhuri alikuwa amekusudia hivyo. Aliposema Yakub atakuja, alimaanisha Jumapili.

Walter alikuwa ameshampigia simu Injinia, akaifungua sauti watu wote wasikie.

"Nani amefungua simiti?" Roselyne aliuliza. "Nani? Mnipe Mzee."

Walter alimsogezea simu.

"Mzee, nisikilize. Hiyo ni simiti, si chokaa. Mshindilie sasa hivi, dakika hii. Ikilala imekufa. Mzee? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," alisema Ondieki kwa upole mkubwa. "Sabato njema." Kisha akabonyeza simu ikakatika.

Watu wengine walicheka. Nitakikumbuka kicheko kile.

"Mwambie Tata," nilimwambia Nyanchoka, "jua bado liko juu."

"Ondieki, jua hilo hapo. Au macho yako nayo yameshaingia Sabato?"

"Shemeji, kushindilia kilima chote ni zaidi ya saa moja na nusu. Jua litazama mashine ikiwa katikati."

"Basi ashindilie Yakub. Yeye si Msabato. Na sisi Wakatoliki tutamsaidia. Nyinyi nendeni mkaoge, tena mna haja ya kuoga."

"Amri inajulikana," alisema Mzee, na sasa uso wake ulikuwa wa mimbarini. "Hata mgeni aliye kwako hatakiwi kukufanyia kazi siku hiyo. Barabara hii ni yangu kama mwenyekiti. Mashine haitanguruma Sabato juu ya kilima hiki nikiwa hai."

Nyanchoka alinitazama. Yakub alikuwa ameketi juu ya mashine yake kule chini akizungusha funguo kidoleni, na yeye pia alikuwa ananitazama. Wote walijua simiti ile ilikuwa ya nani. Walikuwa wamembeba mume wangu mabegani.

Ndipo Mzee Ondieki akafanya kosa lake. Kwetu kazi ya pamoja haiishi bila maombi, na kwa miaka mingi, ikiwa ni kuomba, ameniita mimi. Husema mke wa Osoro akiomba, mbingu husogeza kiti karibu. Alivua kofia, akaishika kifuani, na kwa mazoea tu akasema: "Tufumbe macho. Mama Sheila, tuombee tutawanyike."

Kofia zilivuliwa na vichwa vikainama. Mimi nilipiga magoti kwenye changarawe yenye simiti, mbele ya viatu vyake. Sikumwonea haya. Katika maombi hakuna chinsoni. Katika maombi nasema na mmoja tu, na wengine wanasikia tu.

"Baba yetu," nilianza, "uliyemfinyanga mtu kwa udongo, wewe unajua udongo. Unaujua wa chokaa na unaujua wa simiti. Unajua upi unalala na upi haulali. Wewe hukudanganywa leo mchana. Sisi tulidanganywa."

"Mm," mtu mmoja aliguna nyuma yangu.

"Bwana, ulituuliza zamani: ng'ombe wa mtu akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hatamtoa? Mwaka jana ndama wa Anyona alitumbukia kwenye shimo la choo, Sabato, saa sita mchana, na Tata alivua koti lake la ibada akashuka na kamba. Tulimsifu, Bwana. Tulisema huyu ni mzee. Sasa nakuuliza mbele ya watu hawa: mume wangu Osoro si ndama?"

Sikuwa nimefumba macho. Mungu anisamehe, nilikuwa naviangalia viatu vya Tata. Kiatu cha kulia kilisogea, kikarudi. Nani angenikatiza? Mzee wa kanisa amkatize mtu aliyepiga magoti anayeomba? Alikuwa ametufundisha yeye mwenyewe kwamba hata nyoka akipita, maombi yanafika amina.

"Bwana, mguse aliye na funguo," nilisema, na nikapaza sauti. "Mguse mgeni wako. Alikuabudu leo mchana na mikono yake ni safi. Jua lako halijazama, Bwana, tunaliona. Mwambie asimwogope mwanadamu."

Kisha kule bondeni mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka.

Viatu vya Tata viligeukia bondeni. Nikaomba kwa sauti kubwa zaidi. Nilimwombea Mheshimiwa, nikawaombea wauguzi wa mashine ya damu mmoja mmoja kwa majina, nikawaombea wabebaji, na bega la Walter lililochubuka. Nyanchoka alifanya ishara ya msalaba, akashika reki, akaenda kusawazisha mbele ya mashine, na wenzake watatu wa kanisa lake wakamfuata na keni za maji. Waadventista walisimama kama miti, wamefumba macho, jasho likiwatoka, na sauti ya mashine ikapanda kilima, ikarudi nyuma, ikapanda tena, kila mara karibu zaidi.

Sikuwa naigiza. Nataka hilo lieleweke. Kila neno nililolisema nililimaanisha, na hasira niliyokuwa nayo nilimpelekea Mungu jinsi ilivyokuwa, haijaoshwa. Nilimwambia nimechoka kumfuta mume wangu matope. Nilimwambia kuna watu wanaoilinda siku yake kama mbwa anavyolinda mfupa, hawaruhusu hata mwenye mfupa ausogelee. Nilimwambia kama kilima hiki kikifa usiku huu, asiniite tena kuomba mahali ambapo mtu huyu amesimama.

Hapo Tata akasema, "Amina!"

Alilisema kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango. Sikuwa nimemaliza. Nilikuwa katikati ya sentensi. Watu walifungua macho, wakamtazama, kisha wakatazamana. Mama mmoja mzee akamwita Mungu polepole, "Ee Nyasae," kwa sababu hajawahi kuona mtu akikata maombi ya mwingine.

Mzee Ondieki alishuka kilima bila kofia, akaenda kusimama mbele ya mashine. Ilikuwa imefika langoni kwake, kwa maana nyumba yake iko katikati ya kilima na yetu iko juu kabisa. Yakub alipiga honi mara moja. Mzee hakusogea.

"Mzee, toka. Bado nusu."

"Nikanyage."

"Siwezi kukukanyaga, Mzee."

"Basi zima."

Yakub aliniangalia kutoka mbali. Jua lilikuwa limegusa migomba ya ng'ambo. Akazima.

Tulichukua majembe. Nilipita kando ya ile nusu ya juu, kutoka kwa Ondieki hadi kwetu, laini, imesawazishwa vizuri, imelowa, rangi moja, na nilijua kwamba inakufa chini ya macho yangu kama mtu anayekosa hewa.

Osoro alikuwa amesikia mashine kutoka kitandani. Nilimweleza nikimpa uji. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliomba au uligombana?"

"Vyote viwili."

"Na Mungu alisikia kipi?"

"Nusu ya barabara," nilisema, naye akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka.

Siku ya Sabato niliketi mahali pangu kanisani. Wanawake wengine walinibana mkono kwa siri, wengine walisogeza mikoba yao mbali nami. Mzee Ondieki alihubiri juu ya subira. Hakutaja udongo.

Jumapili Mheshimiwa alikuja na watu wake wa kupiga picha. Alitembea kutoka bondeni hadi langoni kwa Ondieki, akapiga chini kwa kisigino, ikalia ko, ko, kama sakafu ya benki. Alipiga makofi. Mzee alimwambia chakula kiko tayari na kumwingiza nyumbani kwake. Huko juu hakumpeleka.

Aliyepanda huko alikuwa Injinia Roselyne. Alifika kwa pikipiki kutoka Kenyenya, amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, hakumsalimu mtu. Alikanyaga nusu ya juu. Ilikuwa imeshika, lakini imeshika vibaya, juu ganda jembamba na chini madonge yasiyoshikana. Ganda lilivunjika chini ya mguu wake kama mkate mkavu. Aliokota donge moja, akalifinya, likawa vumbi.

Mzee Ondieki alikuwa amemfuata, bado ameshika kijiti cha kuchokolea meno.

"Tutaishindilia leo," alisema. "Yakub yupo."

"Utashindilia nini? Imekufa."

"Ile ya bondeni ililala ikaamka."

"Mzee, nilisema. Mlikuwa mmeketi mbele yangu mkacheka. Nilisema Ijumaa hapana."

"Sikujua kwamba tofauti ni kubwa namna hii."

"Ulijua," nilisema. Nililisema hewani, bila kumtazama, lakini alilisikia. Nyanchoka alilisikia pia.

"Ondieki," alisema Nyanchoka, "udongo wako bado uko Sabato. Hebu uamshe, Jumapili hii watu wana kazi."

Roselyne alisema simiti ya kilima chetu imekwisha na hakuna nyingine itakayokuja kabla ya barabara za kule Kenyenya kukamilika, labda mwakani. Alilisema akinitazama mimi, na macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akapanda pikipiki, akaondoka.

Usiku ule mvua ilinyesha. Ilinyesha kama inayotafuta kitu. Asubuhi nusu ya juu ilikuwa mfereji, madonge ya simiti yamechanganyika na tope jekundu, pabaya kuliko pale tulipoanza, kwa sababu sasa tulikuwa tumekwishapachimba. Nusu ya chini, kutoka kwa Ondieki hadi lami, ilikuwa imelowa tu. Maji yalitiririka juu yake, yakaenda zake. Gari la Kisii liliipanda bila shida, likasimama langoni kwa Mzee, taa zikiwaka.

Mungu ananijua, nilipoziona taa zile mahali pale nilisaga meno.

Walter alikuja na watu wawili. Wa nne hakuja, mvua ilimzuia ng'ambo ya mto. Tulikuwa tumeshamketisha Osoro kitini, tunafikiri cha kufanya, nilipomsikia mtu akikohoa nje ya ua. Mzee hukohoa hivyo kabla ya kukaribia nyumba yenye mke wa mwana.

Alikuwa amesimama kwenye lango, bila mwavuli, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Walter," alisema, "mwambie mama wa hapa kwamba nitashika mti wa mbele."

Walter alinigeukia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Tata.

"Mwambie Tata mbele ndiko kunakoteleza."

"Mwambie najua."

Mume wangu alimtazama baba yake mdogo kutoka kitini. "Tata," alisema, "ukianguka, mimi nakuja juu yako."

"Najua, mwanangu."

Waliinua. Nilitembea kando nikiushika mkono wa mashine wa Osoro chini ya blanketi. Mzee hakuwa na nguvu ya kazi ile. Alipumua kama ng'ombe anayevuta jembe, na kwenye mfereji ule mbaya zaidi mguu wake ulipotea kabisa. Alipiga magoti yote mawili kwenye tope lenye madonge. Nilisikia goti likigonga donge. Mti haukuondoka begani. Alibaki pale, mikono yote miwili juu, mpaka Walter akapata pa kukanyaga, ndipo akainuka polepole, kiti kikiwa sawa, na kuendelea. Suruali yake ilikuwa imepasuka, na damu ilichanganyika na wekundu wa udongo.

Hakuna mtu aliyemwambia pole. Mimi ndiye niliyepaswa kuanza, na sikuanza.

Tulipofika langoni kwake, miguu ya wabebaji ilibadilika sauti. Tope lilikwisha, wakakanyaga pagumu, ko, ko, ko, na kiti kikaacha kuyumba. Dereva alifungua mlango. Tulimwingiza Osoro, nikamfunika, nikaweka mto chini ya mkono wake.

Mzee Ondieki alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, juu ya ile sehemu iliyoshindiliwa wakati nikiomba. Alikuwa akiipapasa kwa kiganja bila kujua anafanya hivyo. Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Naliomba jambo hilo kila asubuhi, na bado sijajibiwa. Lakini kutoka langoni kwake hadi kwangu ni mwendo wa mtu aliyebebwa, Jumatatu na Alhamisi, hadi simiti nyingine ije, na mvua za mwaka huu ndiyo kwanza zimeanza.

Walter alikuwa amesimama kati yetu, akisubiri nimpe neno la kupeleka. Nilimpita. Nilisimama mbele ya Tata, nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe.

"Tata," nilimwambia, "Alhamisi, kabla ya mapambazuko. Na uvae gambuti."